Mbio za Motokaa katika Bustani ya Valentino

Mji wa Turin uko kaskazini ya nchi ya Italia, karibu na milima ya Alps, ambayo vilele vyake huonekana vyeupe kwa theluji hata mtu akisimama katikati ya njia za mjini. Ni mji wa zamani, tena ni mji wa kazi. Kuanzia mwaka 1861 mpaka 1865 ulikuwa ndio mji mkuu wa Italia yote. Na wakubwa wa serikali walipohamia kwingine, watu wake hawakukaa kuililia heshima iliyopotea, bali walifungua viwanda. Kampuni ya Fiat ilianzishwa hapo mwaka 1899, na kampuni ya Lancia mwaka 1906. Tangu hapo jina la Turin likitajwa, watu wa Ulaya hufikiri motokaa, kama vile jina la Mombasa likitajwa watu hufikiri bandari na meli.

BUSTANI KANDO YA MTO

Mto Po hupita kando ya mji huo, na ukingoni mwake iko bustani kubwa iitwayo Valentino. Ndani yake kuna jumba la kifalme la karne ya 17, lenye mapaa ya mteremko mkali kwa mtindo wa Kifaransa, kwa maana mwenye jumba hilo, Maria Cristina, alikuwa binti wa mfalme wa Ufaransa. Siku hizi humo husoma vijana wanaojifunza usanifu wa majumba. Mbele kidogo kuna kijiji chenye ngome na mnara, ambacho mgeni hukidhani kuwa cha kale sana, lakini kilijengwa mwaka 1884 kwa ajili ya maonyesho makubwa, ili watu waone jinsi wazee wao wa zamani walivyoishi. Kuna pia chemchemi ya maji yenye sanamu 12, moja kwa kila mwezi wa mwaka.

Kati ya vitu hivyo hupita njia pana za lami, zenye miti mikubwa kila upande na viti vya kupumzikia. Mtu akiziona njia hizo leo, zenye kivuli na utulivu, ni vigumu kuamini kwamba zamani motokaa zilipita hapo kwa mwendo wa kutisha, huku makumi ya maelfu ya watu wakisimama nyuma ya marobota ya majani makavu, wakishangilia.

Hapana budi kueleza motokaa hizo zilikuwa za namna gani. Wengi wa Afrika Mashariki wanayajua mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa za Safari zilikuwa ni zile zile ziuzwazo madukani, zenye milango, paa na taa, na adui zake walikuwa matope, vumbi na usingizi. Motokaa za Valentino zilikuwa tofauti kabisa. Zilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Hazikuwa na paa, wala taa, wala milango, wala mabati ya kufunika magurudumu; magurudumu yote manne yalikuwa nje wazi. Dereva aliketi nyuma ya injini, kichwa na mabega yake yakipigwa na upepo. Hakufungwa kwa mkanda. Kichwani wengi wao walivaa kofia ya kitambaa tu, na machoni miwani ya kuzuia vumbi na mafuta. Kila nchi ilikuwa na rangi yake: Wataliani nyekundu, Wafaransa buluu, Waingereza kijani.

Njia ya mashindano ilikuwa ya mzunguko, yenye urefu wa kilometa 4 na zaidi, ikibadilishwa kidogo mwaka hata mwaka. Motokaa zilipita sehemu moja iliyonyoka, kisha zikateremka na kupinda kati ya miti karibu na mto, zikarudi tena zilikotoka. Mti hausogei. Dereva aliyekosa kwenye uwanja wa nyasi angeweza kurudi njiani. Dereva aliyekosa katika Valentino alikutana na shina la mti, au ukingo wa mawe, au watu.

BAADA YA VITA

Motokaa zilikuwa zimepata kushindana katika bustani hii hata kabla ya vita. Mwaka 1935 alishinda Tazio Nuvolari, mtu mfupi mwembamba wa mji wa Mantova, ambaye Wataliani walimpenda kuliko dereva mwingine ye yote. Kisha vita vikaja, na mji wa viwanda ukawa shabaha ya mabomu. Kuanzia mwisho wa mwaka 1942 ndege za Waingereza ziliupiga vikali sana, na katika shambulio la usiku mmoja wa Julai 1943 waliuawa watu karibu 800. Baadaye mwaka huo huo majeshi ya Ujerumani yaliushika mji, wasiondoke mpaka mwisho wa Aprili 1945.

Vita hivyo viliwagusa watu wa Kenya pia. Askari wa King's African Rifles walipigana na Wataliani katika Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, na maelfu ya Wataliani waliotekwa waliletwa Kenya. Barabara iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, na kanisa dogo lililo chini yake karibu na Mai Mahiu, ni kazi ya mikono ya wafungwa hao. Wengine wao walikuwa hawajarudi kwao bado, siku motokaa ziliponguruma tena Turin.

Kwa nini mbio zifanywe bustanini? Sababu ni mbili. Kwanza, viwanja vyenyewe vya mashindano vilikuwa vimeharibika. Uwanja mashuhuri wa Monza, karibu na Milan, ulitumiwa na majeshi, na haukufunguliwa tena mpaka Oktoba 1948. Pili, bustani iko kati ya watu, na katika siku ambazo petroli ilikuwa haba, watu wangeweza kwenda kwa miguu. Wafaransa ndio waliotangulia: tarehe 9 Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha kwa miezi michache tu, walifanya mashindano katika bustani ya Bois de Boulogne mjini Paris. Shindano moja la siku hiyo lilipewa jina la Robert Benoist, dereva aliyewapinga Wajerumani kwa siri, akakamatwa na kuuawa. Shindano kubwa lilichukuliwa na rafiki yake, Jean-Pierre Wimille, ambaye alishiriki katika kazi hiyo hiyo ya siri lakini akaponea chupuchupu.

Turin ilifuata tarehe 1 Septemba 1946. Miezi mitatu tu nyuma Wataliani walikuwa wamepiga kura ya kumwondoa mfalme. Nyumba nyingi zilikuwa bado magofu, na chakula kilikuwa haba. Kampuni ya Alfa Romeo ilileta motokaa zake nyekundu ziitwazo 158, zilizoundwa mwaka 1938; yasemekana wakati wa vita zilifichwa katika kiwanda cha jibini, Wajerumani wasizione. Wako waandishi wa habari za michezo wanaoyahesabu mashindano ya siku hiyo kuwa ya kwanza kabisa ya ile daraja ya juu ijulikanayo duniani kwa jina la Formula One.

Aliyeshinda ni Achille Varzi. Yeye na Nuvolari walikuwa washindani wakubwa miaka ya zamani. Lakini Varzi alikuwa ameanguka, si katika mbio, bali katika utumwa wa dawa ya kulevya iitwayo mofini, hata watu wakamhesabu kuwa amekwisha. Wakati wa vita aliishinda nafsi yake. Sasa alikuwa na umri wa miaka 42, akarudi mbele ya watu wa nchi yake na kushinda, Wimille akiwa wa pili. Waliomshangilia walikuwa watu ambao nao walijua maana ya kuanguka na kusimama tena.

Siku mbili baadaye, katika bustani hiyo hiyo, zilishindana motokaa ndogo zenye jina jipya la Cisitalia, zilizotengenezwa hapo hapo Turin. Nuvolari alikuwemo. Alikuwa na umri wa miaka 53, mapafu yake yameharibika, na mwaka huo huo alikuwa amemzika mwanawe wa pili, aliyekufa akiwa na miaka 18 kama kaka yake aliyemtangulia. Katikati ya mbio usukani wake ukang'oka. Wengine wangesimama. Nuvolari aliushika ule usukani kwa mkono mmoja, akaupunga hewani mafundi wake wauone, na kwa mkono wa pili akashika chuma kilichobaki akaendelea kuiongoza motokaa. Hakushinda, bali alimaliza. Katika Italia habari hiyo husimuliwa mpaka leo, na wengi hawamkumbuki mshindi wa siku hiyo.

MTU ALIYEKAA JUU YA KITI

Lakini habari kubwa kuliko zote za Valentino ni ya mtu ambaye siku hiyo hakuendesha motokaa. Jina lake ni Enzo Ferrari, mzaliwa wa Modena. Katika vita vya kwanza baba yake na ndugu yake walikufa kwa ugonjwa mwaka 1916, naye mwenyewe akaingia jeshini, ambako alipewa kazi ya kupiga nyumbu viatu. Akaugua sana, akaachiliwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1918, kijana wa miaka 20, alikwenda Turin akiwa na barua ya mkubwa wake wa jeshi, kuomba kazi katika kampuni ya Fiat. Alijibiwa kwamba kampuni haiwezi kuwaajiri wote wanaorudi kutoka vitani. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake, alitoka akaenda mpaka bustani ya Valentino, akaketi juu ya kiti, peke yake katika baridi ile, baba hana na ndugu hana, akalia.

Hakurudi Modena. Alipata kazi ndogo katika karakana, kisha kubwa kidogo. Mwaka 1920 akaingia Alfa Romeo kuwa dereva wa mbio. Mwaka 1929 akaunda kundi lake la madereva na mafundi. Mwaka 1939 alipoachana na kampuni hiyo alifungwa kwa mapatano asitumie jina lake katika mashindano kwa miaka minne. Akangoja. Machi 1947, karibu na Modena, motokaa ya kwanza yenye jina la Ferrari ilitoka katika karakana yake.

Tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo, mashindano yakafanywa tena katika Valentino, mara hii ya motokaa za namna nyingine, za viti viwili. Ferrari alileta motokaa yake, ikiendeshwa na Mfaransa Raymond Sommer, mtu asiyejua kuogopa. Sommer akashinda mbele ya macho ya Turin yote. Wengine walipokuwa wakipongezana, Enzo Ferrari alikwenda akakitafuta kile kiti cha mwaka 1918, akaketi, akalia tena. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Huyu alilia kweli. Lakini machozi yale hayakuwa yale ya kwanza.

MVUA YA MWAKA 1948

Tarehe 5 Septemba 1948, kwa kuwa Monza haijawa tayari, shindano kuu la nchi, yaani Grand Prix ya Italia, lilifanywa katika bustani hii. Ilikuwa mizunguko 75, jumla ya kilometa 360. Mvua ilinyesha, majani yakalowa, na barabara ikawa kama imepakwa sabuni. Kwa zaidi ya saa tatu madereva walikwenda wakiangalia maji yaliyorushwa na magurudumu ya mwenzao wa mbele. Wimille, katika Alfa Romeo, alishinda kwa utulivu kana kwamba yuko peke yake, akamwacha hata mtu wa pili, Luigi Villoresi, kwa mzunguko mzima. Ferrari alileta motokaa tatu mpya za kiti kimoja, zilizoingia katika mbio za daraja la juu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Moja kati ya hizo, ya Sommer, ilimaliza ya tatu.

Miaka minne ikapita, na mwaka 1952 Villoresi akashinda hapo akiendesha Ferrari.

BEI YA HESHIMA

Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Machi 1955. Safari hii Turin ilikuwa na motokaa yake yenyewe, Lancia D50, iliyotengenezwa mjini humo kwa werevu mwingi: matangi yake ya petroli hayakuwa nyuma kama ya nyingine, bali yalining'inizwa ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ili mgawanyo wa uzito kati ya mbele na nyuma usibadilike sana petroli ipunguapo. Dereva alikuwa Alberto Ascari, bingwa wa dunia wa mwaka 1952 na 1953. Baba yake, Antonio, naye alikuwa dereva, akafa katika mbio nchini Ufaransa mwaka 1925, Alberto akiwa mtoto wa miaka saba. Ascari akashinda. Mji ukafurahi kwa motokaa iliyozaliwa kwake, iliyoshinda nyumbani kwake.

Miezi miwili haikutimia. Mwezi Mei, katika mbio za Monaco, Ascari alitumbukia baharini pamoja na motokaa yake, akaogelea akaokoka. Siku nne baadaye, tarehe 26 Mei 1955, alikufa Monza alipokuwa akiijaribu motokaa nyingine. Alikuwa na miaka 36, sawasawa na umri wa baba yake alipokufa. Kampuni ya Lancia, ambayo fedha zake zilikuwa zimekwisha, haikuwa na moyo wa kuendelea. Mwezi Julai motokaa zake zote za mbio zilitolewa bure kwa mtu wa Modena, Enzo Ferrari. Fiat nayo iliahidi kumsaidia kwa fedha. Na mwaka 1969 Fiat ikainunua nusu ya kampuni yake. Hivyo wale waliomwambia kijana wa 1918 kwamba hawana nafasi yake walikuja kulipa ili wapate nafasi kwake.

Lakini inafaa kuwahesabu washindi wote wa mashindano makubwa ya Valentino baada ya vita. Walikuwa watano. Varzi alikufa Bern, nchini Uswisi, tarehe 1 Julai 1948, akijaribu njia katika mvua. Wimille alikufa Januari 1949, naye katika bustani, ile ya Palermo iliyo katika mji wa Buenos Aires. Sommer alikufa Ufaransa, Septemba 1950. Ascari alikufa 1955. Wanne hao wote waliuawa na motokaa. Villoresi peke yake alizeeka; alikufa mwaka 1997 akiwa na miaka 88, baada ya kumzika ndugu yake na rafiki zake.

Juni 1955, katika mji wa Le Mans nchini Ufaransa, motokaa moja iliruka ikaangukia watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Serikali ya Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani, na kila mahali watu wakaanza kuuliza kama ni haki kuwasimamisha baba, mama na watoto hatua chache kutoka chombo kiendacho kasi ile. Mbio kubwa za Valentino hazikurudi tena. Kuanzia 2015 mpaka 2019 motokaa zilionekana tena chini ya miti ile, lakini zilikuwa za maonyesho, zimesimama kimya juu ya njia ili watu wazizunguke na kuzitazama.

Leo bustani imerudi kwa wenyewe. Wanafunzi huingia na kutoka katika jumba la Maria Cristina, makasia hupiga maji ya mto Po, na watoto hukimbia pale Wimille alipopita katika mvua. Aendaye huko asitazame majumba tu, bali atazame na viti vilivyo chini ya miti. Mtu anayekataliwa kazi leo asiihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa maisha yake. Na mtu anayeshangiliwa leo akumbuke kwamba miti ile ile iliwaona watano wakivikwa mashada ya maua, na mmoja tu kati yao akafika uzeeni.